Kuku Aliyempika Maman Nzigire

Wahenga walipotuonya tusicheke kilema, hawakumaanisha mguu mfupi au jicho bovu tu. Ulimi nao una vilema vyake, na Damascène, mkalimani wa Kifaransa na Kiswahili mjini Kamembe, alilijua hilo akiwa amechelewa.

Damascène alikuwa hodari wa sarufi, na sifa zilimlevya. Mama mkwe wake, Maman Nzigire, mchuuzi wa vitenge, alivuka daraja la mpakani kutoka Bukavu kila Jumamosi kuwaona wajukuu. Siku moja, mbele ya wageni, alisema kwa Kiswahili cha Bukavu "batoto". Damascène akamcheka waziwazi. "Sema watoto, Maman. Hizo ba- zako uziache forodhani." Wageni nao wakaangua kicheko. Tangu hapo mama yule alipoingia nyumba ile alitulia kama maji ya mtungi, na wajukuu wakakosa hadithi zake.

Damascène hakujali. Alikuwa amezama katika Kiklingoni, lugha ya kubuniwa aliyojifunza kwa simu, na alitaka kufaulu mtihani ili apewe kazi ya kufundisha darasa la wanaoanza. Katika lugha hiyo sentensi hugeuzwa: mtendwa hutangulia, kitendo hufuata, mtendaji huja mwisho. Kanuni hiyo aliikariri hadi akaiota.

Mtihani uliangukia Jumamosi. Mtahini, aliyeonekana kwenye simu akizungumza Kifaransa, alimtaka aisifu familia yake kwa sentensi moja. Damascène alimtazama Maman Nzigire akileta sahani ya kuku mezani, akatamka kwa Kiklingoni, bila kusita: mama mkwe, amepika, kuku.

Mtahini alikohoa kidogo. "Bwana, umesema kuku amempika mama mkwe wako."

Wanafunzi wenzake, waliokuwa wakisikiliza kwenye simu hiyo, wakacheka hadi wakashika mbavu, na nyumba nzima ilisikia. Damascène alitamani ardhi ipasuke immeze. Kukosea kulimwaibisha, lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba kicheko kile alikitambua. Kilikuwa chake mwenyewe. Akainamisha kichwa, akingoja mama yule alipize kisasi.

Maman Nzigire aliisogeza sahani karibu naye. "Papa, ata batoto banakosaka," alisema taratibu, kumwambia kwamba hata watoto hukosea. "Rudilia, polepole."

"Batoto": neno lile lile alilomchekea. Mtahini aliendelea kungoja jibu, lakini Damascène aliizima simu, akajifunika uso kwa viganja. "Nisamehe, Maman," alisema.

Kweli, mcheka kilema hafi bila kumfika.