Nyasi Alizozikataa Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupika kama sisi, Nyati ndiye alikuwa mkubwa wa mbuga. Malisho ya mlimani aliyazungushia ua wa miiba, akayala peke yake. Wengine akawaachia bonde.

Ukaja mwaka wa mvua nyingi. Masuke ya nyasi za bondeni yakatoa punje nyeusi, mfano wa mavi ya panya. Ilikuwa kuvu. Pundamilia akaanza kupepesuka kama mlevi. Swala naye mimba ikamharibikia.

Digidigi, jirani yake Swala, alimkanda kwa maji ya moto huku machozi ya hasira yakimtoka. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Nyati.

"Mzee Nyati, zile nyasi zinatuua!"

"Aka! Nimezipima mwenyewe. Safi kabisa."

"Umezipimaje?"

"Kwa macho yangu! Toka hapa, kidudu wewe!" Akapiga kwato chini, ti! Vumbi likamjaa Digidigi usoni.

Digidigi akatoka akinung'unika. Ati kwa macho! Na mwenzake amezika mtoto! Akajipenyeza chini ya ule ua wa miiba, akakata nyasi za mlimani, akazifunga mzigo.

Asubuhi, wanyama walipokwenda barazani kumwamkia Nyati, Digidigi akautua mzigo mbele yake, pu!

"Shikamoo, Mzee. Tumekuletea zawadi, nyasi laini za bondeni. Karibu ule."

Nyati akaruka nyuma. "La! Ziondoe!"

"Si ulizipima? Onja kidogo tu, sote tukuone."

"Ondoa, nimesema! Zina kuvu hizo! Unataka nife?"

Baraza zima likamkazia macho.

"Kumbe ulijua?" akauliza Swala.

Digidigi akainama, akazitafuna zile nyasi, kachu, kachu! "Hizi ni za kwako za mlimani, Mzee. Za bondeni tulishazijua. Leo nilikuwa nakupima wewe."

Pundamilia hakungoja. Akauvamia ua, wenzake wakamfuata, ukaanguka, kacha! Nyati akainua pembe, akaona ni wengi mno, akazishusha. Wote wakala mlimani wakashiba, naye Swala akatangulia.

Basi, wanangu, anayewalisha wenzake kitu asichothubutu kukionja mwenyewe, huyo msimwite mkubwa.