Mzinga wa Nyamizi na Sauti ya Debe

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana kompyuta zilikuwepo na umeme ulikuja siku ulipojisikia, kulikuwa na ushirika wa warina asali kule Unyamwezi. Katibu wao aliitwa Nyamizi. Miaka tisa aliandika muhtasari wa mikutano na kuusoma. Mwaka wa kumi macho yakaingia ukungu, na mvua zilipokwisha hakuona tena hata mkono wake.

Sasa, katiba ya ushirika inasema katibu asome muhtasari mbele ya wanachama kwa kinywa chake mwenyewe. Akishindwa, kiti kinatangazwa. Na kiti hicho kulikuwa na mtu anakimezea mate: Maganga, mtunza ghala. Nyamizi alikipenda kiti chake, tuseme ukweli. Bila kiti kile angebaki nyumbani, akishikwa mkono hata kwenda uani. Akasimama ofisini, akaapa mbele ya watu:

"Yeyote atakayeniwezesha kubaki katibu, mzinga wangu wa kwenye mti wa mninga ni wake."

Mzinga ule haujawahi kukosa asali. Na msije mkaniambia wagawane. Mzinga haugawanyiki, nyuki hawakubali.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Shija, shemeji yake, dereva wa lori. Alirudi kutoka mjini na programu ndani ya flashi. Akaiweka kwenye kompyuta ya ofisi, na kompyuta ikasema! Ikasoma kila kilichoandikwa kwenye kioo, kwa sauti tamu ya mtangazaji wa redio. Nyamizi alikuwa ameshaandikisha barua ya kujiuzulu, akaichana palepale. Ilipofika dakika ya arobaini, kimya. Wakazima, wakawasha, ikasema dakika arobaini nyingine, kimya tena.

"Shemeji, huyu mtangazaji wako huwa anakwenda wapi?"

"Hii ni ya kuonjesha tu," Shija akasema, akijikuna kichwa. "Ile inayosema siku nzima bei yake ni madebe ishirini ya asali, tena kila mwaka. Waliniambia, nikapitiwa."

Wa pili alikuwa Mwalimu Tunu wa shule ya msingi. Alihangaika wiki nzima na simu yake, akapata programu ya bure kabisa, akaihamishia kwenye kompyuta ya ofisi. Haikatiki, haidai. Ila sauti yake jamani! Sauti ya debe, Kiswahili cha puani. Wiki tatu alimfundisha Nyamizi vitufe, kimoja baada ya kingine, bila kuchoka. Lakini aliiweka isome polepole, kwa kasi aliyoiweza yeye.

"Mwalimu, haiwezi kukaza mwendo kidogo?"

"Usiguse hapo, dada, utaharibu."

Vitufe vya kasi akaviandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Kwa ajili ya nani, sijui.

Basi Maganga akaisoma. Mwalimu alipokwenda wilayani kusahihisha mitihani kwa siku kumi na mbili, Maganga aliingia ofisini Nyamizi akiwa anakula. Akaongeza kasi mpaka mwisho, akachana ile karatasi, akatoka akipiga mluzi.

Nyamizi alirudi akakuta sauti inavuma kama nyuki. Siku ya kwanza alilia. Ya pili alilia. Ya tatu, katikati ya kilio, akalinasa neno moja: asali. Kesho yake akanasa matano. Mwalimu aliporudi alisikia mvumo tu, akanyoosha mkono aipunguze. Nyamizi akampiga kofi vidoleni.

"Iache, Mwalimu. Sasa ndiyo inasema."

Siku ya mkutano ikafika. Nyamizi akatia waya wa kusikilizia sikio moja. Mashine ikavuma sikioni, yeye akasoma kwa kinywa chake, saa nzima, bila kukwama. Maganga akainuka na nakala yake ya karatasi.

"Mama katibu, tusomee tulichokubaliana kuhusu mizinga iliyoungua."

Alidhani amemweza. Kabla hajalowesha kidole afunue ukurasa wa pili, Nyamizi alikuwa ameshafika, ameshasoma, anauliza, "Nirudie, kaka Maganga?" Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akavua miwani. Kiti kikabaki kwa mwenyewe.

Ikaja zamu ya mzinga. Shija akasimama.

"Ni wangu. Kabla yangu nani alijua kompyuta husema? Shemeji angekuwa ameshajiuzulu."

Mwalimu Tunu akasimama.

"Ni wangu. Ya Shija ingemkatikia mkutanoni. Aliyosomea leo nimeileta mimi, vitufe nimemfundisha mimi."

Na Maganga, hana haya, akasimama.

"Ni wangu. Kwa mwendo wa Mwalimu angekuwa bado yupo ajenda ya kwanza. Aliyeongeza kasi ni mimi."

Ukumbi ukalipuka. Nyamizi akashika meza.

"Kumbe ni wewe! Nililia, Maganga. Siku tatu nililia."

"Najua. Nilikuwa dirishani, na nilifurahi. Lakini uliapa 'yeyote'. Hukusema 'yeyote mwenye nia njema'."

Bibi mmoja akafoka kutoka nyuma: "Na masikio yaliyojifunza yalikuwa ya nani? Mwanamke abaki na mzinga wake!"

"Nimeapa, bibi," Nyamizi akasema. "Siwezi kujilipa mwenyewe."

Akaandika kwenye muhtasari: "Aliyepewa mzinga wa kwenye mninga ni..." Akashuka mstari wa chini, pa kuandika jina. Vidole vikasimama. Waya akauchomoa, sauti ya debe ikasikika ukumbi mzima. Mstari usio na kitu mashine ile huutaja kwa neno moja:

"Tupu."

Akabonyeza tena. "Tupu."

Wanachama wanamngoja, na jina bado halijaandikwa. Haya, ninyi mnaocheka: je, nani alistahili?