Jina la Mjukuu wa Kinyozi

Jisogezeni, na mwenye usingizi akanawe uso, kwa sababu hadithi hii nimeileta bila mkia. Mkia mtaufunga nyinyi.

Palikuwa na mji uitwao Kwamkole, mji ambao usingekuwepo lau si mizani. Malori yote ya barabara kuu yalipimwa uzito hapo, na kabla ya kupimwa yalipanga foleni. Foleni ikilala, madereva na utingo wao walishuka kula mihogo, kunyoa ndevu na kudanganyana kuhusu wake zao. Kando ya foleni hiyo, kwenye kibaraza kimoja cha saruji, walikaa wanawake watatu, kila mmoja na alichojaliwa.

Semeni alijaliwa kutunga. Mguu wake ulikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule, lakini kichwani mwake watu ambao hawajawahi kuzaliwa waligombana, wakapatana, wakazikana. Kazi ikipoa aliwaandika, akapeleka steshenari, vikatoka vijitabu vyembamba, naye akavianika kwenye kamba kama nguo za mtoto mchanga.

Zawena alijaliwa kuchora. Mpe rangi na kipande cha ubao, atakuchorea mbuzi mpaka uingiwe na hamu ya kumtafutia majani.

Mashavu alijaliwa sauti. Huyu alikuwa akiuza maji ya baridi, na hata alipotangaza kwamba yamekwisha, watu walisikiliza hadi mwisho.

Sasa, picha za Zawena zilijaza watu. Lori likisimama tu, shingo zilitoka madirishani, hata dereva mwenye haraka alipata nafasi ya kucheka au kuguna. Vijitabu vya Semeni vilipepea kwenye kamba, vikala vumbi. Siku moja dereva mmoja alichomoa kimoja, akakipindua huku na huku.

"Dada, humu ndani mna picha?"

"Hamna. Mna hadithi."

"Ndefu?"

"Si ndefu sana."

"Basi niambie mwisho wake. Ukinifurahisha, nitanunua."

Semeni hakumwambia. Yule bwana akajipepea nacho mpaka foleni iliposogea, akakirudisha kwenye kamba na kushukuru, maana alikuwa na adabu zake.

"Wewe unamwomba mtu jicho tu," Semeni alimwambia Zawena. "Mimi namwomba akae, anyamaze, anipe kichwa chake. Nani ana kichwa cha kugawa?"

"Basi omba kidogo, shoga."

"Nikiomba kidogo, si hadithi tena. Ni tangazo la maji ya Mashavu."

"Yanayonunuliwa," alisema Mashavu.

Walicheka wote, na Semeni alicheka nao. Lakini moyoni alikuwa amekwisha kata shauri. Hadithi aliyokuwa akiimalizia ndiyo ya mwisho. Ikila vumbi kama wenzake, atabaki na sare, vifungo na uzi. Hakuwa na mume wala mtoto, na pale mjini alijulikana kama "yule anayekaa na Zawena". Kitu pekee alichowahi kukiita chake ni watu wale wa kichwani.

Hadithi yenyewe ilimhusu mrina asali aliyemfukuza mwanawe kwa hasira. Kiburi kikamzuia kumwita arudi. Badala yake, kila mwaka aliongeza chumba kwenye nyumba, na majirani wakiuliza, alisema ni ghala la mahindi. Mahindi hayakuingia hata gunzi. Hadithi ilikwisha mzee akiwa amezeeka, anafagia vyumba vitupu, anafunga mlango bila kuubana. Mtoto hakurudi. Semeni hakutaka arudi. Alisema hadithi ingekuwa inasema uongo.

Alimwomba Zawena achore ubao wa kuitangaza. Zawena, ambaye hakuwahi kumaliza kusoma kitu chochote kirefu kuliko jina lake, alisoma nusu, akachukua rangi. Akachora mlango ulio wazi, na kijana aliyempa mtazamaji mgongo, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Semeni alipouona alikaa chini.

"Zawena, katika hadithi yangu hakuna aliyerudi."

"Sikufika huko."

"Sasa umechora nini?"

"Nimechora watakachosimama kukitazama. Nani atashuka kwenye lori kumtazama mzee anafagia?"

Ubao ukabaki, kwa sababu rangi ilikuwa imeisha.

Hapo nyuma ya kibaraza, penye kivuli, alikuwa na kiti chake Mzee Kilumanga, kinyozi. Miaka ya nyuma, kabla wanawake hawa hawajahamia Kwamkole, alimwambia mwanawe mbele ya wateja kwamba asikanyage tena pale. Mwana akaitii amri hiyo kuliko zote alizopewa tangu azaliwe. Jina lake Mbaruku. Akawa utingo wa lori la vitunguu, na kila lilipopita Kwamkole alivuta kofia mpaka puani, akalala juu ya magunia mpaka mizani ipitwe.

Siku hiyo foleni ililala, kofia ikamtia joto, akaivua. Akauona ubao.

Alishuka. Alikuwa hajashuka Kwamkole tangu ile siku. Akasimama mbele ya mlango ule wa rangi. Kisha akauliza:

"Huyu anaingia au anatoka?"

Zawena akatazama mchoro wake mwenyewe, akakosa la kusema. Mkono hauna kinywa. Semeni naye aliinamia cherehani. Aliona haya, kama kawaida yake kila mtu alipokaribia kamba.

Ni Mashavu aliyeweka ndoo chini. "Kaa, mdogo wangu," alisema, "nikusomee, ujue mwenyewe."

"Sina muda, dada. Foleni itasogea."

"Ikisogea utaondoka. Nimekufunga?"

Akaanza. Walikuwepo utingo wengine wawili na muuza karanga. Foleni ikasogea kweli, honi zikalia, wengine wakakimbilia malori yao. Mwingine yeyote angepaza sauti kushindana na honi. Mashavu aliishusha. Kadiri kelele zilivyopanda, ndivyo alivyozidi kusoma kwa upole, mpaka Mbaruku akalazimika kusogea, akakaa kwenye ngazi, akaegemeza kichwa ukutani. Lori la vitunguu likapimwa, likaondoka. Dereva alimwita, akamtukana kidogo, akaenda zake.

Mashavu akafika penye ufagio na mlango usiobanwa. Akanyamaza. Na hapa msisahau kitu: mwanamke huyu alikuwa na tabia ya kuongeza mwisho mtamu kwenye hadithi za watu, wateja waondoke wanacheka, na Semeni alikuwa amemgombeza mara nyingi. Siku hiyo hakuongeza neno.

"Na mtoto?" aliuliza Mbaruku.

"Hapa ndipo ilipoishia."

"Hakurudi?"

"Haikuandikwa."

Mbaruku akainuka, akajipangusa suruali. "Kinyozi," alisema, "yule kinyozi wa zamani bado yuko?"

Semeni aliinua uso kwa mara ya kwanza. Akaonyesha kwa mkasi upande wa kivulini.

Mzee Kilumanga alikuwa amemnyoa mteja upande mmoja. Upande wa pili haukunyolewa siku ile. Yule mteja alikaa na kichwa chake cha nusu kwa nusu, anatazama watu wawili wazima wamekumbatiana, na inasemekana hata yeye hakudai anyolewe. Alijifunga taulo, akaenda nyumbani.

Mbaruku alimleta mkewe, Tunu, aliyekuwa mjamzito, wakakaa kwa mzee. Tunu akajifungua salama mtoto wa kike.

Sasa, desturi ya Kwamkole ni hii. Mtoto hunong'onezwa jina lake sikioni kabla halijatamkwa mbele za watu, na jina ni moja. Mwenye jina hilo huwa somo wake: atamlea akihitaji kulelewa, atamwonya, atasimama siku ya kuozwa kwake, na akifa, jina lake litaendelea kuitwa uani, njoo ule, njoo ulale. Mzee Kilumanga aliomba achague yeye, na Tunu akakubali. Akawaita wale wanawake watatu.

"Binti zangu," alisema, mtoto yuko mapajani, "nataka jina la aliyenirudishia mwanangu. Nimemuuliza mwenyewe. Anasema picha ilimshusha, sauti ikamkalisha, hadithi ikamnyanyua. Haya, hilo ni jibu la mtu asiyetaka ugomvi. Nisaidieni."

Zawena akasema, "Baba, alipita hapa miaka mingapi, kofia usoni? Vijitabu vilikuwepo kwenye kamba. Mashavu alikuwepo, anapiga kelele za maji. Hakushuka. Alishuka siku nilipouchora ule mlango."

"Akashuka, akauliza, ukakosa jibu," alisema Mashavu. "Picha yako ingemtazamisha, kisha angepanda lori lake. Mimi ndiye niliyemkalisha mpaka lori likamwacha. Na kijitabu angekipokea? Angejipepea nacho."

"Na ungemsomea nini?" aliuliza Zawena. "Bei ya maji?"

Hapo wakageuka wote wawili kumtazama Semeni, kwa sababu swali lile lilimwangukia yeye, ingawa Zawena hakukusudia.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" aliuliza mzee.

Semeni alikuwa akimtazama mtoto. Vidole vyake, vilivyozoea sindano, vilikuwa havijui pa kukaa.

"Wao waliniletea msikilizaji," alisema. "Siwezi kukana. Bila wao maneno yangu yangekuwa bado kwenye kamba. Lakini yule mrina asali hakuwepo duniani, baba. Nilimtoa mahali pasipo na kitu. Zawena alichora mlango wa nyumba niliyoijenga mimi. Mashavu alisoma ukimya niliouandika mimi."

"Mlango niliuchora kinyume chako," alisema Zawena, bila ukali. "Ungekuwa wa kwako, kijana asingekuwemo."

Mzee Kilumanga akatikisa kichwa polepole. "Niwaambie jambo. Mimi sikujenga chumba hata kimoja. Chumba chake nilikipangisha kwa karani wa mizani. Mbaruku alifika akakuta viatu vya mtu mlangoni. Hadithi yako, Semeni, ilimdanganya."

"Najua," alisema Semeni, na machozi yakamtoka. "Najua, baba."

"Na ilipokwisha kumdanganya, nikaona haya, nikamhamisha karani, nikafagia."

Tunu akarekebisha kanga ya mtoto. Zawena akaacha kubishana, Mashavu akatazama chini, na Semeni akakunja mikono yake kifuani ili isinyooke mbele kabla haijaitwa. Mzee akamwinua mjukuu, akainamisha kichwa, midomo yake ikafika karibu kabisa na kile kisikio, kidogo kama jani la mlonge.

Hapo mimi nanyamaza. Watu wote wa nyumba ile wanangoja, na jina ni moja. Haya, nyinyi mliokaa hapa: mngekuwa ndio Mzee Kilumanga, mngemnong'oneza nini yule mtoto? Semeni, Zawena, au Mashavu?