Ukili wa Mize

Haya, leteni masikio karibu. Alasiri ya mwezi mosi, zimwi lilimchukua Fumo, mwana pekee wa Mize msusi wa mikeka.

Mize alikuwa na mikono myepesi na macho ya barabarani. Apite nani, lazima amtazame. Ndiyo maana kila mkeka wake ulikuwa na tundu.

Alilifuata zimwi hadi kwenye ukungu wa bondeni.

"Nisukie ukili, ule utepe wa mkeka, ufike nilipomficha," likasema. "Ukiinua macho mara moja tu, mtoto ni kitoweo."

Mize akaketi, akaanza kusuka. Juu, chini, juu. Ukili ukatambaa wenyewe ndani ya ukungu.

Ikanyesha mvua ya dhahabu. Macho yakataka kwenda. Akayarudisha kwenye ukili. Juu, chini, juu.

Zikapita sauti za majirani: "Mtazame Mize, shoga! Leo naye mtu wa kazi!" Macho yakataka kwenda, akayarudisha. Juu, chini, juu.

Kisha Fumo akalia, karibu kabisa: "Mama, niangalie! Linanishika!"

Machozi yakalowesha ukili.

"Nakusikia, baba," akasema, kichwa chini. "Nikikuangalia nitakupoteza. Shika ukili, uje." Juu, chini, juu.

Ukili ukakazwa upande wa pili. Mize akauvuta taratibu, mpaka miguu miwili midogo ikasimama mbele ya macho yake yaliyoinama. Ukungu ukaondoka na zimwi lake.

Magharibi, jirani aliwaona wakiingia mlangoni. Fumo alikula mabakuli mawili ya uji, akalala.