Mpini Mbichi na Mtungi wa Bibi Nakiete

Mpini mbichi hukaza siku moja.

Neno hilo mlilisikia juzi kwa fundi wetu wa useremala hapa shuleni, alipomrudishia mmoja wenu kiti alichokimaliza kwa haraka. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza limetoka wapi. Nitawajibu kikamilifu, kwa sababu siku lilipotamkwa mara ya kwanza nilikuwapo, na katika kosa lililolizaa nilikuwa na fungu langu. Nanyi wazazi mliokaa nyuma, sogeeni. Habari hii ni yenu pia.

Chanzo chake ni hiki. Jumatatu, tarehe 14 Januari 1974, saa moja na dakika ishirini asubuhi, manyunyu membamba yakishuka na ukungu ukiwa umelificha paa la bwalo, wanafunzi arobaini wa kidato cha pili tulisimama mstarini katika Shule ya Kwamrindi, kwenye milima ya Upare. Kila mmoja aliweka jembe mbele ya miguu yake.

Kwamrindi haikuwa shule ya mzaha. Tulifua wenyewe, tulipika kwa zamu, tuliziba wenyewe mapaa yaliyovuja. Hadi leo ninajivunia kusema kwamba sijapata kumwona mtu aliyesoma pale akamwita jirani kuja kumbadilishia kitasa. Mkuu wa shule, Mwalimu Mrutu, aliamini kwamba kijana asiyeweza kujitunza ni mzigo uliovaa tai. Kwa hiyo kila mwezi wa Juni aliwaandikia wazazi barua moja isiyobadilika. Mwanafunzi akifika likizo akate mti wa mpini kwa mkono wake. Mti utundikwe darini, juu ya meko, ukaukie moshini hadi Desemba. Januari mwanafunzi aje na jembe alilolitia mpini mwenyewe. Mwisho wa barua aliongeza mstari mmoja kwa wino mwekundu: “Mzazi amwelekeze mwanawe. Asimfanyie.”

Majembe ya wakati ule yalikuwa na mkia wa chuma. Mkia huo ulipashwa moto, ukapenyezwa katika tundu la kichwa cha mpini, na uimara wote wa jembe ulikuwa katika tundu hilo. Asubuhi ile Mwalimu Mrutu alipita mstarini akiligonga kila jembe chini mara tatu. Mpini wangu ulikuwa mweusi kwa masizi na umejikunja kama mkia wa mbwa. Aliugonga, akasema, “Mbaya, lakini upo,” akaendelea.

Alipofika kwa Senzota alisimama. Senzota alikuwa mtoto wa Mzee Kiangi, mwenye duka kubwa pale Same mjini. Mpini wake ulinyooka kama rula, ukang'aa kwa rangi ya viatu. Mwalimu aliugonga mara tatu, chuma hakikutikisika hata kidogo.

“Umeuandaa mwenyewe?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Basi utaongoza kikosi cha kwanza.”

Nilimwonea wivu, sitaficha. Wivu huo ulidumu siku tatu. Siku ya nne nilimkuta nyuma ya bweni ametia kichwa cha jembe ndani ya sinia la maji, nalo halikutosha kukifunika. Kumbe mti ulikuwa mbichi. Ulikatwa Jumamosi, akarudi nao shule Jumapili. Sasa ulikuwa ukikauka, tundu likipanuka, na mkia wa chuma ukicheza ndani yake kama jino la mtoto. Aliulowesha jioni ili uvimbe, na asubuhi ukawa umekaza tena kwa saa mbili tatu.

“Niazime ndoo yako,” aliniambia. “Usimwambie mtu.”

Nilimwazima. Nilijua kwamba ni udanganyifu, nikamwazima. Kabla wiki haijaisha bweni zima lilikuwa likimtania: “Senzota, jembe lako linaoga kila siku, wewe je?” Naye alicheka pamoja nao, maana aibu ya kutaniwa ilikuwa nyepesi kuliko ile ya kusema ukweli.

Jumamosi ya tarehe 26 tulikwenda kulima shamba la Bibi Nakiete. Ulikuwa utaratibu wa shule kuwasaidia majirani wazee wasio na watu. Bibi huyu alikuwa mfinyanzi. Kwa heshima yetu alitoa nje mtungi wake mkubwa, mkubwa kuliko yote aliyopata kufinyanga, akaujaza maji ya kunywa na kuuweka ukingoni mwa shamba pamoja na kata ya kibuyu. Jua la siku hiyo lilikuwa kali. Ilipofika saa tano niliinama mtungini kuchota maji. Senzota, aliyekuwa hatua tano mbele yangu, aliinua jembe juu.

Nilisikia upepo sikioni mwangu. Kisha nikasikia mlio, na maji yakanimwagikia miguuni. Chuma kilikuwa kimechomoka nyuma ya kichwa chake, kikapita pembeni mwa uso wangu kwa upana wa kiganja, kikaupasua mtungi vipande vipande. Senzota alibaki ameshika mpini mtupu.

Hakuna aliyecheka.

Mwalimu Mrutu aliuokota mpini, akauchungulia tundu, akautia ukucha. Ndani mti ulikuwa bado mweupe na unyevu.

“Nani aliukata?”

Senzota alitazama chini. “Kibarua wa dukani kwetu, Mwalimu.”

“Na maji haya yaliyo kwenye nyuzi zake?”

Hapo nilisema, “Ndoo ni yangu.” Sikusema kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu maji ya mtungi yalikuwa bado yananitiririka miguuni.

Hukumu ilitolewa palepale. Mimi ningemchotea Bibi maji kila alfajiri kwa ndoo ileile, kwa kuwa chemchemi ilikuwa mbali na chungu kilichombakia hakikutosha hata kupikia. Senzota angefukuzwa shule kama Bibi Nakiete asingetamka kwa kinywa chake kwamba amelipwa. Si mwalimu wala baba ambaye angetamka kwa niaba yake.

Mzee Kiangi alifika Jumatano kwa gari la mizigo la rafiki yake, amevaa koti na viatu vya mjini, na nyuma ya gari kuna pipa jipya la bati. Sisi tuliohusika, pamoja na Mwalimu Mrutu, tuliitwa nyumbani kwa Bibi tusikilize. Alimwamkia Bibi kwa adabu, kisha akatoa bahasha.

“Mama, kilichovunjika ni chungu. Hili pipa linaingia maji ya mitungi minne. Na hii ni ya usumbufu. Tafadhali mwambie Mwalimu yamekwisha, mtoto asome.”

Bibi Nakiete hakuigusa bahasha. “Pipa la bati linapoza maji?”

“Halipozi, lakini halivunjiki.”

“Basi lirudishe dukani, baba. Huko ndiko wanakouza visivyovunjika.” Akamgeukia Senzota. “Mjukuu wangu, ulipewa miezi mingapi?”

“Sita, Bibi.”

“Ukatumia mingapi?”

“Siku moja.”

Mzee Kiangi aliingilia kati. “Asilaumiwe yeye. Mimi ndiye niliyemwagiza kibarua. Mwanangu alikuja hapa kusoma, Mama. Kulima wapo wa kulima.”

“Haya,” alisema Bibi. Aliuokota ule mpini uliong'aa, akamkabidhi mikononi. “Wewe uliyesimamia kazi, niambie. Huu ni mti gani?”

Mzee Kiangi aliugeuza huku na huku. “Ni… mti tu.”

“Ni mpera. Mti mzuri. Huwekwa wapi ukishakatwa?”

Mzee Kiangi aliunusa mpini, akautazama mwisho wake.

“Unaogopa jua au unapenda jua?”

Mzee Kiangi alifuta jasho. Nilidhani atakasirika, kwa maana alikuwa mtu aliyezoea kusikilizwa. Badala yake sauti yake ilishuka.

“Mama, sijui. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka tisa. Nikaenda kwenye mashamba ya mkonge kukata majani, toka huko nikaingia biashara. Hakuna aliyenionyesha mambo ya darini. Barua ya Mwalimu niliisoma mara mbili. Niliona aibu kumwambia mtoto kwamba sijui.”

Senzota alimtazama baba yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Hata Mwalimu Mrutu, ambaye hatukuwahi kumwona akiinamisha kichwa, aliinamisha.

Bibi Nakiete aliurudisha mkononi mwake mpini, akaugonga chini.

“Sikilizeni. Mpini mbichi hukaza siku moja. Siku ya kuonyeshwa unakaza kuliko yote, na siku ya kazi unaua mtu. Mtungi nitaufinyanga mwenyewe, udongo upo bondeni. Ila jembe langu la kuchimbia udongo limeoza mpini. Ninachodai ni mpini mkavu. Akate mtoto, aukaushe katika moshi wa jiko langu, autie mwenyewe. Ukikaza, amenilipa. Usipokaza, aende nyumbani.”

“Nami?” aliuliza Mzee Kiangi.

“Wewe uje naye. Deni lenu ni moja.”

Vijana, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, na wazazi vilevile. Kazi ile haikwenda vizuri mwanzoni. Mpini wa kwanza waliukata kwenye mti wa mkole, wakauanika juani nyuma ya darasa ili uwahi kukauka. Siku ya nne ulipasuka katikati ya kichwa kwa mlio uliotushtua darasani. Senzota alilia waziwazi. Bibi aliutia motoni ukaivisha maharage yake, akamwambia, “Sasa unajua mti unaogopa nini. Huo nao ni ujuzi. Kakate mwingine.”

Wa pili walitafuta tawi lenye kifundo, wakaacha gome lake, wakaupaka kinyesi cha ng'ombe kwenye ncha zote mbili usipasuke, wakautundika darini. Kisha wakangoja. Kungoja ndiko kulikowashinda zaidi ya kukata. Kila Jumamosi ya pili Mzee Kiangi alipanda mlima, na wiki kwa wiki koti likabaki nyumbani, kisha viatu vya mjini vikafuata. Alikaa katika jiko lile la moshi macho yakimtoka machozi, akigeuza miti pamoja na mwanawe. Mara nyingine waliongea, mara nyingi hawakuongea. Mimi nilipita na ndoo yangu, nikimwaga maji katika chungu kidogo, nikirudi tena chemchemini. Nilihesabu alfajiri mia moja na themanini na mbili, za likizo zikiwemo. Sikupunguziwa hata moja, na sikustahili kupunguziwa.

Jumamosi ya tarehe 27 Julai, Bibi alisema wakati umefika. Senzota alichonga, akapasha moto mkia wa jembe hadi ukawa mwekundu, akaupenyeza tunduni huku moshi ukitoka. Mikono yake ilikuwa na sugu. Mwalimu Mrutu alikuja, akasimama mbali. Tulijua sote kwamba begi la Senzota lilikuwa limefungwa tayari bwenini, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga.

Bibi Nakiete hakuligonga jembe chini. Alilichukua, akalilaza juani juu ya mwamba, akaingia ndani.

“Bibi, tunangoja nini?” aliuliza Senzota.

“Tunangoja jua liseme. Maji yalikusaidia kudanganya. Jua halina rafiki.”

Jembe lilikaa pale toka saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ndipo akalibeba hadi bondeni, sisi tukimfuata kama watu wa msiba. Udongo wa mfinyanzi wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali. Aliinua, akapiga. Akapiga tena. Alichimba shimo la kumfikia magotini, mama mzee yule, na kila jembe lilipopanda juu nililitazama mimi kwanza, kwa maana sikio langu halikuwa limesahau. Chuma hakikucheza.

Alisimama, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Hapo Mzee Kiangi alitoa kitu alichokuwa amekificha nyuma ya mgongo. Kilikuwa mpini mwingine.

“Na huu je?” Bibi aliuliza. “Nani amekata huu?”

“Mimi, Mama.”

Aliuinua machoni pake, akauzungusha, akaangua kicheko. “Baba, huu umepinda!”

“Umepinda, lakini umekauka.”

Bibi aliugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kavu kama ngoma. Aliuweka begani kando ya jembe, akamgeukia Mwalimu Mrutu, na akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani:

“Mwalimu, mtungi wangu nimelipwa. Simdai mtoto, wala simdai baba yake.” Kisha akanitazama mimi. “Nawe, kuanzia kesho lala. Maji nitachota mwenyewe.”

Senzota alirudi bwenini kufungua begi lake. Mtungi mpya ulitoka kwenye udongo uleule, na mwezi Septemba tuliunywea maji, ya baridi.

Mpini mbichi hukaza siku moja.