Pimbi na Mlima Ulioinuka

Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni, wadogo kwa wakubwa. Mlima huu mimi niliupanda huku natafuna muhogo, wala sikuhema. Asiyeamini akae nyuma.

Hapo zamani za kale, ardhi ililala. Ikajigeuza usingizini. Ngurr! Ngurr! Mlima wa pimbi ukainuka, ukainuka, ukaupita mlima wa nyani.

Pimbi mmoja kijana alifurahi kupita kiasi. Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa yatima, hakufurahi. Alikuwa kipofu. Alipapasa mwamba, akapapasa tena.

"Mwanangu, kilele kimepanda, lakini ubavu umepasuka."

"Shangazi nawe. Mlima umekua, unalalamika."

"Silalamiki. Leo zamu ni yako. Ukisikia kokoto, piga mluzi, tukimbilie ng'ambo ya mlima. Mimi macho yangu ni mluzi wako."

Ndiyo desturi ya pimbi: wengine wakiota jua, mmoja hulinda.

Pimbi akakaa. Akakaa kidogo tu. Moyo ukamwasha. Akapanda kileleni, tap, tap, tap, akamkuta tumbusi.

"Bwana Tumbusi, sasa tu majirani."

"Jirani gani asiye na bawa? Kwenu ni kule chini."

"Kwetu ni hapa. Mlima umepanda kwa ajili yetu."

"Ukiteremka, utakuwa kwa ajili ya nani?"

Wakabishana. Kokoto zikaanza, choro, choro. Pimbi alizisikia. Akasema moyoni, nimjibu hili moja tu, kisha nipige.

Ardhi ikajigeuza tena. Ngurr! Ubavu wote ukaporomoka, poromooo, mpaka mtoni. Ndipo akapiga mluzi. Wenye macho walikuwa wamekwisha kimbia. Shangazi alikuwa amekaa palepale, masikio wima, akingoja mluzi; ubavu ukaondoka naye.

Mvua ikanyesha. Mto ukabeba udongo, ukaumwaga bondeni. Pimbi akaufuata, akimtafuta shangazi. Akamkuta nyati shingo ndani ya majani mabichi.

"Karibu, ndugu. Udongo mtamu huu, sijui umetoka wapi."

"Umetoka kwetu," akasema Pimbi.

"Basi wasalimie sana."

Pimbi aliinama, akapapasa lile tope kwa viganja, polepole, kama shangazi alivyokuwa akipapasa mwamba.

Wanangu, nguvu inayoinua mlima ndiyo hiyohiyo inayoubomoa. Ukiinuliwa, usiache zamu yako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliye na mzee nyumbani, akamwamkie.