Kiota cha Tokuji

Mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii kila mtu anaijua kwa ulimi. Wanaoijua kabla mguu haujavimba ni wachache, na Tokuji, mkulima wa mpunga katika milima ya Ena huko Japani, hakuwa miongoni mwao.

Mwezi wa Mei mkewe, Fusae, alikuwa akianika magodoro alipoona kitu chini ya upenu, juu ya madirisha ya mbao. Kilikuwa kama chupa ndogo ya sake, pombe ya mchele, iliyogeuzwa shingo chini. Nyigu mmoja aliingia na donge la mbao iliyotafunwa.

"Baba Kanae! Njoo uone. Malkia anajenga kwetu."

Tokuji alitazama, akacheka. "Mwache ajenge. Jirani yetu Mataichi katundika kiota mlangoni kwake, ati cha bahati, na hapiti mgeni asikisifie. Hiki changu kikifika majira ya baridi kitakuwa kama pipa la miso ya soya. Nyigu wakishakufa, natundika. Tuone Mataichi atasema nini!"

"Leo yuko peke yake, fimbo moja inamtosha. Umesahau mwaka jana? Alinichoma mmoja tu, macho yakaziba. Daktari alisema nikichomwa tena naweza kufa."

"Kwani huko juu una kazi gani? Vaa kofia yako nyeupe, pita mlango wa nyuma."

Siku hiyohiyo akapigilia msumari mlangoni, tayari kwa pambo lake.

Fusae akapita mlango wa nyuma majira yote ya joto. Kufikia Agosti kiota kilikuwa na ukubwa wa tikiti maji, kimejaa michirizi ya kahawia kama mawimbi, na nyigu walimiminika humo kama watu wa sherehe.

Septemba ilileta kimbunga. Upepo ulipoanza kuvuma, Tokuji alikimbilia kufunga madirisha ya mbao. Moja likakwama.

"Mama Kanae! Shika huku, upesi!"

Fusae alikuja mbio. Upepo ulimvua kofia, nywele zake nyeusi zikabaki wazi, na nyigu hushambulia cheusi kwanza. Tokuji aliupiga ubao ngumi mbili. Juu yao kiota kikanguruma.

Watatu walimchoma Fusae kisogoni.

"Baba Kanae… pumzi…" Akaanguka.

Tokuji naye alichomwa, uso ukavimba kama andazi, hakuweza kuona njia. Aliyewapeleka zahanati kwa gari lake dogo alikuwa Mataichi.

"Dakika kumi zaidi," daktari alisema baada ya sindano, "mngeniletea maiti."

Barazani Tokuji alikiri yote. Mataichi alimkodolea macho. "Tokuji, wewe mzima kweli? Kile changu nilikiokota msituni, kitupu, theluji ikianguka! Nani alikwambia nyigu ni kuku wa kufugwa?"



Watu wa ofisi ya mji, wamevaa mavazi meupe mazito, walikiondoa kiota. Walipouliza kama wamwachie ganda, alijibu neno moja: "Choma."

Mei iliyofuata aliziba kila mwanya wa upenu kwa wavu wa chuma, na kila asubuhi alizunguka nyumba shingo juu kabla ya kunywa chai. Kwenye ule msumari wa mlangoni, Fusae alitundika kofia yake nyeupe.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Na Tokuji alijifunza kwamba mguu wenyewe huenda usiwe wake.